Gari Linalozima Njiani na Kuwaka Lenyewe

Gari linatoka Dar es Salaam vizuri, linapita Kibaha na Mlandizi bila neno, likikaribia Chalinze linakata moto ghafla. Dereva anasogea pembeni, anafungua boneti, anashikashika waya, anapiga simu. Robo saa baadaye anapiga stata na injini inawaka mara moja. Kesho yake fundi analizungusha mtaani, anarudi na kusema, "Bosi, gari lako zima hili." Na kwa muda huo ni zima kweli.

Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea. Fundi ambaye hajaliona tatizo atalazimika kubahatisha, na kubahatisha kunafuata njia ileile: plagi mpya, halafu waya za plagi, halafu koili, halafu pampu ya mafuta, mwisho unaambiwa kompyuta ya gari imekufa. Kila kifaa kikifungwa gari linatembea vizuri siku mbili tatu, kila mtu anafurahi, kisha linazima tena. Simlaumu fundi. Hakuna anayeweza kupima umeme uliokatika wakati haujakatika. Ushauri wangu wote katika makala hii unasimama juu ya jambo hilo moja: tatizo la kuja na kuondoka hukamatwa likiwepo, na mtu anayekuwepo linapotokea ni wewe mwenye gari. Kwa hiyo maandalizi lazima yaanze kwako, kabla gari halijazima tena.

Nazungumzia magari ya petroli yenye distributa. Bado yapo mengi barabarani: Corolla AE100 na AE110 zenye injini ya 5A-FE, Starlet, Nissan za miaka ya tisini, na yale ya zamani zaidi yenye kontakti kama Peugeot 504 na Land Rover za petroli. Magari yenye koili juu ya kila plagi yana mambo yake, ingawa kanuni nyingi za hapa zinayafaa pia.

Kwanza usalama wako. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani wenye pawa unakuwa mzito na breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu kabla pedali haijawa ngumu. Usikanyage na kuachia ovyo. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie. Washa taa za hatari, sogea nje ya barabara, na usirudishe ufunguo hadi mwisho wakati gari linatembea, maana usukani unaweza kujifunga. Gari lenye tabia hii usilipeleke kwenye mlima wa Kitonga na abiria hadi lipone.

Sasa, lilizimaje? Swali hili lina thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua. Umeme wa cheche ukikatika, injini hunyamaza papo hapo, sawa na mtu aliyezima kwa ufunguo. Mafuta yakikosekana, kwa kawaida injini huanza kulegea, inashtuka, inavuta na kuachia, ndipo inazima. Ikiwa kabla ya kuzima, au wakati wa kushtuka, eksozi inapiga mlio mkubwa, shaka ielekeze kwenye cheche: petroli isiyochomwa imeingia kwenye eksozi ya moto, na cheche iliporudi ikailipua.

Kama gari lako ni la gia za mkono na dashibodi ina mshale wa mzunguko wa injini, una kipimo kizuri mbele ya macho yako. Gari likizima kwenye mwendo na barabara ni salama, usikanyage klachi haraka. Acha magurudumu yaendelee kuizungusha injini kwa sekunde mbili, na uangalie mshale. Kwenye magari mengi ya umri huu mshale unapata habari zake kutoka kwenye koili au ignaita, yaani kifaa cha elektroniki kinachoipiga koili. Ukianguka hadi sifuri papo hapo wakati injini bado inazungushwa, basi koili haipigwi tena: tafuta kwenye umeme unaoingia kwenye koili, kwenye ignaita, au kwenye sensa iliyomo ndani ya distributa. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, koili bado inapigwa, na tatizo liko mbele yake, yaani koili yenyewe upande wa umeme mkubwa, kifuniko cha distributa, rota, au ni mafuta. Mtazamo wa sekunde mbili umekuondolea nusu ya vifaa vya kushuku. Kwenye gari la otomatiki kipimo hiki hakiaminiki, kwa sababu injini husimama mapema.

Weka daftari kwenye gari. Kila likizima andika palepale: limetembea muda gani tangu liwake, jua au mvua, tambarare au mlima, lami au makorongo, feni ya rejeta ilikuwa inazunguka au la, lilikaa muda gani hadi kuwaka. Maelezo ya namna hii yatamsaidia fundi kuliko "gari linanisumbua": "Fundi, linazima likishatembea zaidi ya nusu saa, hasa kwenye foleni ya Mandela saa za mchana. Linakata ghafla bila kushtuka. Stata inazunguka vizuri. Likikaa dakika ishirini linawaka. Asubuhi halijawahi kuzima." Fundi mzuri akisikia hivyo anajua kwamba anatafuta kitu kinachoharibika kikipata joto.

Joto ndilo chanzo ninachokishuku kwanza katika nchi zetu. Ndani ya koili kuna waya mwembamba sana uliozungushwa maelfu ya mara, na ndani ya ignaita kuna vipande vya elektroniki vilivyounganishwa kwa risasi. Vikipata joto vinatanuka. Penye ufa panaachia. Vikipoa vinarudiana na umeme unapita. Ndiyo maana koili iliyopimwa kwa mita ikiwa baridi juu ya benchi inaonekana nzima. Koili nyingi za magari ya kontakti husoma karibu omu 3 upande wa umeme mdogo, au karibu omu 1.5 kama gari lina resista ya nje, lakini namba hiyo ikichukuliwa asubuhi kwenye baridi haithibitishi lolote kuhusu saa nane mchana. Pima baada ya gari kuzima, papo hapo. Au lete joto kwenye kifaa: gari likiwa kwenye silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye ignaita peke yake kwa dakika kadhaa, kisha koili peke yake. Kifaa kinachoizimisha injini kimejitaja. Na gari likishazima kwa joto la njiani, weka kitambaa chenye maji, kilichokamuliwa vizuri, juu ya kifaa kimoja tu. Likiwaka baada ya dakika mbili badala ya ishirini, umepata mshukiwa. Ukipoza vyote kwa pamoja hutajua kipi ni kipi.

Kwenye magari ya kabureta kuna mtego hapa. Petroli ikichemka kwenye bomba karibu na injini, gari pia litazima kwa joto na kuwaka likipoa. Kutofautisha ni rahisi: fungua kifuniko cha hewa, angalia ndani ya koo la kabureta, na uvute waya wa mafuta kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ukiona mchirizi wa petroli ukirushwa, mafuta yapo. Rudi kwenye cheche.

Kwenye Toyota za injekta mtego ni mkubwa zaidi, na naamini ndio unaouzisha pampu nyingi za mafuta zisizo na kosa. Katika magari hayo kompyuta hairuhusu pampu kufanya kazi mfululizo mpaka ipate ishara kutoka kwenye distributa kwamba injini inazunguka. Sensa hiyo ikikata, cheche inapotea na pampu inanyamaza vilevile. Tena kuna ishara nyingine: kila mara ignaita inapopiga koili, inairudishia kompyuta jibu kwamba kazi imefanyika. Jibu lisipofika mara kadhaa mfululizo, kompyuta inafunga injekta ili petroli isimwagike kwenye silinda zisizo na moto. Kwa hiyo fundi akija, akakuta mafuta hayafiki, akasema pampu imekufa, anaona jambo la kweli lakini chanzo kiko kwingine. Kabla hujakubali kununua pampu, mwombe aiwashe moja kwa moja kupitia kiboksi cha vipimo kilichomo chini ya boneti, kwa kuunganisha tundu la FP na la +B kwa waya mfupi ufunguo ukiwa umewashwa. Pampu ikilia na bomba la mafuta likawa gumu mkononi, pampu ni nzima, na kilichokosekana ni amri ya kuiwasha.

Kiboksi hichohicho kinaweza kukupa kumbukumbu. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, unganisha TE1 na E1, kisha angalia taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14: jibu la ignaita lilipotea. Namba 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko kutoka kwenye distributa. Uzuri wake ni kwamba kumbukumbu inabaki hata gari likishawaka, mradi hakuna aliyechomoa betri. Na hilo ndilo kosa linalofanyika kila siku: gari likizima, mtu wa kwanza kufika anachomoa terminali ya betri "kulipumzisha", na ushahidi wote unafutika. Mkatalie kwa upole. Ukishasoma, toa kile kiwaya kabla ya kuwasha gari.

Kama kumbukumbu haipo, au gari ni la kontakti, tega mtego wako mwenyewe. Chukua balbu ndogo ya dashibodi ya volti 12, iunge kwenye waya unaoleta umeme chanya kwenye koili, upande wa pili uende bodi. Weka fyuzi ndogo kwenye waya huo, upitishe vizuri mbali na eksozi na feni, na uilete balbu hadi ndani unapoweza kuiona ukiendesha. Balbu ya pili iunge kwenye waya wa pampu ya mafuta kama gari ni la injekta. Sasa endesha kama kawaida. Siku gari litakapozima, balbu ya koili ikizimika nayo, umeme haufiki kwenye koili, na huna sababu ya kununua koili wala ignaita. Tafuta nyuma, kwenye fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo au waya. Ikibaki inawaka vizuri, umeme unafika na tatizo liko mbele. Balbu mbili na mita chache za waya hazifikii bei ya koili moja, na zinashuhudia jambo ambalo fundi hawezi kulishuhudia akiwa gereji.

Balbu ya koili ikizimika, mimi ningeanza chini ya usukani. Swichi ya ufunguo ya gari lililotumika miaka 25 imechoka ndani, na wengi wetu tunaining'inizia rundo la funguo za nyumba, ofisi na kufuli. Gari likiwa kwenye silensa, tikisa ufunguo taratibu kulia na kushoto bila kuuzungusha. Injini ikikata, umemaliza kazi. Kisha tafuta alamu. Magari mengi yetu yamefungwa alamu, swichi ya siri au kifaa cha kufuatilia gari baada ya kuingia nchini, na aliyefunga alikata waya wa moto wa gari, akaingiza rilei ndogo katikati, akasokota viungo kwa mkono na kuvifunga kwa utepe. Baada ya miaka michache ya joto la dashibodi gundi ya utepe inayeyuka, waya unaota kutu ya kijani, na kila gari likipita kwenye matuta kiungo kinaachia kwa nukta moja. Gari linalozima kwenye barabara mbovu na kutulia kwenye lami lichunguzwe hapa kabla ya kwingine. Rilei ikiwa imeyeyuka pembeni au ina rangi ya kahawia, huhitaji ushahidi zaidi. Viungo vipya vichomelewe kwa risasi na kuvalishwa mpira wa kusinyaa. Utepe peke yake hautoshi.

Upo pia ugonjwa wa magari yenye resista kwenye njia ya koili: gari linawaka wakati stata inazunguka, ukiachia ufunguo tu linazima. Wakati wa stata umeme hupita njia ya mkato kwenda koili. Ukiachia unatakiwa kupita kwenye resista. Resista imekatika, au swichi ya ufunguo haitoi umeme kwenye hatua hiyo.

Ndani ya distributa kuna mahali ambapo hata mafundi wenye uzoefu hupapita. Kwenye distributa za zamani zenye kopo la vakyumu pembeni, sahani iliyobeba kontakti au sensa hugeuka kidogo kila unapokanyaga mafuta. Waya unaotoka kwenye sahani hiyo unapindwa na kunyooshwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, hadi shaba ya ndani inakatika huku ganda la plastiki likibaki zima. Kwa macho waya hauna kasoro. Ushike kati ya vidole viwili na uvute polepole: penye shaba hautanyumbuka, penye ganda tupu utarefuka. Gari la namna hii linatulia kwenye silensa, linakata ukianza kuondoka, na linamchanganya kila anayelipima likiwa limesimama. Kama una mita, iunge kwenye waya huo, kisha nyonya bomba la vakyumu kwa mdomo ili sahani igeuke, na uangalie usomaji. Usomaji ukiruka, badilisha waya kwa waya laini wenye nyuzi nyingi. Ule mgumu wa nyumbani utakatika upesi.

Unyevu nauzungumzia kwa kifupi kwa sababu hujitambulisha wenyewe: gari linasumbua asubuhi za masika au baada ya kuoshwa injini, linapona likishakauka. Subiri giza, washa gari, fungua boneti, na urushie ukungu mwembamba wa maji kwenye waya za plagi na kifuniko cha distributa bila kugusa chochote. Cheche za bluu zikitambaa juu ya waya utaziona. Ndani ya kifuniko tafuta mstari mweusi mwembamba, mithili ya uliochorwa kwa penseli, kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichongea, na kuifuta kwa msasa hakuiondoi. Kwenye 5A-FE na ndugu zake chomoa pia mpira wa kila plagi, ukishika mpira wenyewe na kuuacha waya, na uangalie shimo la plagi. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikichoka, oili hujaa humo na kuulainisha mpira hadi cheche inavujia pembeni. Waya za Toyota hizo hazitakiwi kuzidi omu 25,000 kila mmoja. Ukibadilisha waya bila kubadilisha gasketi, utarudi dukani.

Gari linalomisi mlimani tu, huku kwenye silensa likiwa safi, nalo lina sababu yake. Ukikanyaga mafuta kupanda, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Koili dhaifu inayotoa cheche nzuri plagi ikiwa imewekwa nje juu ya chuma itashindwa kazi hiyo. Kwa hiyo usiridhike na cheche ya hewani kwenye nafasi ndogo. Tumia kipima cheche chenye nafasi pana, kilichobanwa imara kwenye chuma cha injini, mbali na harufu yoyote ya petroli. Usishike waya kwa mkono, na usiache waya wa koili ukining'inia bila pa kurukia: volti zinazozidi 20,000 zitajitafutia njia ndani ya koili au ignaita na kukuongezea ugonjwa ambao hukuwa nao.

Ukifika duka la vipuri, iwe Gerezani au Kirinyaga Road, nenda na kifaa cha zamani mkononi na ulinganishe namba, soketi na uzito. Kifaa kipya si lazima kiwe kizima; rota na kondensa za bei rahisi zinaweza kufa ndani ya wiki. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kipi kilikuwa kibovu. Kilichotolewa kikiwa hakijathibitika kuwa kibovu kiandike na ukitunze kwenye buti.

Baada ya matengenezo, kumbukumbu ya makosa ifutwe kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika, na gari lirudishwe kwenye mazingira yaleyale yaliyomo kwenye daftari lako: foleni ileile, saa ileile ya jua, au kilima kilekile. Kama lilikuwa linazima mara moja kwa wiki, wiki moja ya utulivu haitoshi kulithibitisha. Acha zile balbu mbili mahali pake kwa mwezi mzima, na usizifungue kabla gari halijapita safari ndefu ya mchana likiwa limebeba mzigo.